Mlio wa Kabati

Habari kwamba mama mkwe anakuja ilifika kabati lake likiwa limeshakuwa benchi.

Mume alimaliza kuongea na simu akabaki ameishika, kama mtu aliyekabidhiwa chungu cha moto asione pa kukitua. Mke alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaipiga msasa droo ya mwisho ya kabati hilohilo. Alikuwa ameshaitia miguu minne, na binti mmoja mwenye duka la simu alikuwa anaisubiri aweke taa yake juu.

"Mama anakuja kutolewa mtoto wa jicho," mume alisema. "Dada atalipia hospitali. Kazi yangu mimi ni kumpokea tu. Kasema, wewe una nafasi, una kitanda, na kabati la kuwekea nguo zangu nilikununulia mwenyewe."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia karibu."

Mke aliutazama ukuta. Pale palipokuwa na kabati rangi ilikuwa bado safi, mstatili mrefu mweupe kuliko ukuta wote, kama alama ya saa kwenye mkono wa mtu aliyeiuza.

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini? Kwamba ghala limefungwa, mwanao anazunguka mjini kutafuta kibarua, na kabati lako tumelila?"

Mke aliendelea kupiga msasa, polepole, ingawa droo ilikuwa imeshalainika.

Hawakuanza kwa nia ya biashara. Kazi ya ghalani ilipokwisha, mume alimwita mnunuzi wa vyombo vilivyotumika aje aliangalie kabati. Mtu yule aligonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, akainama kuchungulia pembe iliyofura kwa maji ya kudekia, akacheka.

"Mzee, hii si mbao. Huu ni uji wa mbao uliokauka. Nikilifikisha mlangoni litakuwa limeshamwagika."

Alisema hivyo mlango ukiwa wazi, na jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika ili asikie vizuri.

Baada ya hapo mke alichukua bisibisi. Hakuwa amesomea useremala. Alijua tu kwamba kitu kilichokuja vipande vipande ndani ya boksi kinaweza kurudi kuwa vipande. Akajifunza tabia za chipbodi, ule uji wa mbao uliokauka, kwa kuiharibu: kwamba skrubu ikitolewa haishiki tena kwenye tundu lake mpaka ulishindilie njiti ya kiberiti na gundi, kwamba ubao usipobandikwa utepe kabla ya msumeno unamomonyoka, kwamba ukingo uliokatwa hunywa rangi kama mtu mwenye kiu, kwa hiyo uupake gundi kwanza. Ubavu wa kabati ukawa kikalio cha benchi. Rafu zikawa miguu. Alilipaka kijani cha majani machanga, akalitoa nje likauke.

Ukitoa kabati lako kuukuu nje, watu husema umefilisika. Yeye alitoa benchi jipya, wakasema ana kipaji. Msusi wa jirani alilinunua siku hiyohiyo kwa ajili ya wateja wake, akaanza kumwita Fundi. Wengine wakaja: nifanyie na mimi, nataka kama lile. Vya kuokota vilikuwa vichache, na mume hakutaka kuonekana amebeba meza iliyotupwa. Kwa hiyo kila kilichoagizwa kilitoka ndani. Meza ya runinga ikawa rafu ya viatu. Meza ya kulia ikagawanywa ikawa viti viwili vya watoto. Mume ndiye aliyevipeleka kwa wenyewe, amevifunika shuka kama maiti. Kadiri sifa zilivyozidi mtaani, ndivyo mwangwi ulivyozidi ndani.

Mama mkwe alifika amevaa nguo nadhifu, mkono mmoja kwenye bega la mwanawe, mwingine unapapasa hewa. Maisha yake yote alikuwa mshonaji, sare za shule na mapazia, na macho aliyaacha kwenye tundu la sindano. Jicho moja lilikuwa limezimika zamani. La pili liliona mwanga na vivuli.

"Watoto wote nimewazaa kwa siku moja moja," alisema akikalishwa kitandani. "Huyu wa jicho tu ndiye hataki kutoka."

Wakacheka. Kicheko kilirudi kutoka ukutani, na mama mkwe akainua kichwa.

"Nyumba yenu imekuwa na mwangwi."

"Tumepaka rangi, mama," mume alisema.

Mke alimtazama. Mume akatazama sakafu.

Binti yao, ambaye hata shule hajaanza, alikuwa ameonywa asubuhi: usimwambie bibi habari ya kabati. Mtoto hakuwa na uhakika ni maneno gani yana kabati ndani yake na yapi hayana, kwa hiyo aliamua kutosema neno lolote.

"Mjukuu wangu, hujambo?"

Mtoto akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Huyu amekatwa ulimi?"

"Ana aibu tu, mama," mke alisema.

"Aibu ya nini kwa bibi yake? Haya, mkwe wangu, nifungulie kabati uniwekee hizi nguo. Zilikunjwa vizuri, zisije zikapata mikunjo mingine."

Mke alipokea nguo. Mume alikuwa amegeuka kama kipande cha ukuta. Hapo ndipo mke alipofanya jambo ambalo hakulipanga, na kama angepewa muda wa kulifikiria asingelifanya. Alipiga hatua hadi mlango wa jikoni, ambao bawaba zake zilikuwa na kutu, akausukuma. Ukalia, liii, mlio mrefu unaopanda mwishoni. Akangoja kidogo. Akaurudisha. Liii.

Mama mkwe alitabasamu.

"Bado linalia. Tangu siku mwanangu alipoliunga. Unakumbuka, mwanangu, ulivyokataa kusaidiwa? Ukasema, mama, michoro yote iko kwenye karatasi, mimi nimesoma. Ukageuza ubao wa katikati, ukingo usio na rangi ukatazama mbele."

"Nakumbuka, mama."

"Na kuufungua haikuwezekana tena, matundu yangekwisha. Nikauvalisha ukingo ule plastiki ya maua kwa mkono wangu. Msilitie mafuta hilo kabati. Likilia najua niko kwa mwanangu."

"Hatutalitia, mama," mke alisema. Nguo alizitundika kwenye msumari nyuma ya pazia, moja juu ya nyingine.

Ikawa desturi. Kila asubuhi mama mkwe aliomba nguo, na mke alikwenda kuliza mlango wa jikoni, mara moja kufungua, mara moja kufunga. Aligundua kwamba akifumba macho anafanya vizuri zaidi. Akiyafumbua humwona mama mkwe amegeuzia uso upande wa mlio, anasikiliza kama anayesikiliza wimbo wa ujanani.

"Daktari akishamfungua jicho?" alimuuliza mume wakiwa jikoni.

"Tutaona."

"Yeye ndiye atakayeona."

"Punguza sauti."

"Mwambie leo, kabla hajaona. Maneno yako yatakuwa na heshima kidogo kuliko ukuta mtupu."

Mume alichezea mkono wa sufuria. "Mama alishona mapazia ya hoteli nzima kulipata lile kabati. Macho yake yamo mle. Nimwambie tumekata vipande macho yake?"

"Tumeyala, si kuyakata tu. Na wewe ulikula."

Mume akatoka kwenda kutafuta kazi, au kwenda kukaa mahali ambapo wanaotafuta kazi hukaa.

Siku ya hospitali, mke ndiye aliyempeleka. Muuguzi alimpima presha mama mkwe, akaipima tena mkono wa pili, akatikisa kichwa.

"Bibi, leo hatuwezi. Presha iko juu. Nenda kapumzike, urudi wiki ijayo."

Mama mkwe alishusha mabega. "Nilitaka leo niione nyumba ya mwanangu."

"Siku haziishi, mama," mke alisema, na sauti yake ikatoka nyepesi, karibu ya furaha. Aliisikia mwenyewe. Muuguzi naye aliisikia, maana aliinua macho kutoka kwenye kipimo akamtazama, mtazamo mfupi wa mtu aliyeona jambo lisilo pahali pake. Mke akainama kumvalisha mama mkwe kiatu ambacho tayari kilikuwa mguuni.

Njiani kurudi alimshika mkono kwa uangalifu mno, akimwonyesha kila shimo na kila jiwe. Hakuacha kujiuliza ni mtu wa namna gani anayeomba jicho la mwenzake lisifunguke.

Siku zilipokaribia, mama mkwe alitaka kusukwa.

"Siwezi kulazwa mbele ya madaktari na kichwa kama kiota."

"Kuna msusi mzuri sana barabara ya pili," mke alisema.

"Si mnaye hapa jirani? Kila siku nasikia vicheko vyake kupitia dirisha."

"Huyu ana mdomo, mama."

"Msusi asiye na mdomo ni kinyozi. Nipeleke."

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo, ndoo za maji na wanawake wanne. Msusi aliwaona akapiga kofi.

"Fundi wetu huyo! Karibu, na mama karibu. Kaeni kwenye benchi, msikae nusunusu kama mnaogopa, hilo limebeba makalio ya mtaa mzima na halijanung'unika."

"Kwa nini anakuita fundi?" mama mkwe aliuliza akijiweka sawa.

Mke alitaka kujibu, lakini msusi hakuwa mtu wa kusubiri. "Kwani hakukwambia? Mkweo ndiye aliyetengeneza hilo ulilokalia. Mtaa mzima unampigia foleni. Mimi mume wangu nikimwomba agongelee msumari ananiuliza upande upi ndio unaochoma."

Wanawake wakacheka. Mama mkwe naye akacheka, na kama afanyavyo kila mtu anayecheka akiwa amekaa, alishika ukingo wa benchi.

Vidole vyake vilipita juu ya rangi, vikashuka. Chini ya kikalio cha benchi mke alikuwa amesimamisha ubao mmoja wa kubeba uzito. Ulikuwa ule ubao wa katikati wa kabati. Ukingo wake wenye plastiki aliuelekeza chini, usionekane. Alikuwa amejaribu kuibandua, lakini gundi ilitoka na chembe za ubao. Na tena, alijiambia, sakafu ya saluni haikauki maji, acha uwe na kinga.

Kidole gumba cha mama mkwe kiligusa maua ya plastiki, yale yanayotuna kidogo. Kikatambaa nayo hadi mwisho wa ubao. Pale mwisho plastiki ilikuwa imekunjwa mara mbili ndani, ikabanwa pembeni, kama pindo la sketi ya shule. Hakuna anayekunja plastiki namna hiyo isipokuwa mtu ambaye mikono yake imekunja mapindo maisha yake yote. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikaenda tena hadi kwenye pindo, kikakaa.

Mke alikitazama.

"Benchi zuri," mama mkwe alisema. "Aliyelitengeneza ana mkono."

"Ana mkono na ana siri," msusi alisema akichambua nywele. "Nimemuuliza mbao anapata wapi, hasemi. Tunadhani ana msitu."

"Usimuulize," mama mkwe alisema. "Kila fundi ana pake anapokata."

Alisukwa hadi mwisho kidole kikiwa palepale. Njiani mke alifungua mdomo mara kadhaa. Mwisho akasema, "Mama."

"Hapa kuna shimo, siyo? Jana uliniambia kuna shimo."

"Ndiyo mama. Inua mguu."

"Amelijua," mke alimwambia mume jikoni. "Kidole kilifika kwenye pindo lake kikakaa."

"Alisema nini?"

"Alisifu."

"Basi hajui. Mama angejua asingenyamaza, namfahamu. Kidole hakina macho."

"Cha mshonaji kina."

"Plastiki ya maua iko kila nyumba." Mume alisema hayo akiwa ameshika fremu ya mlango. "Akirudi kutoka hospitali nitamwambia. Naapa. Nipe mpaka arudi."

Kutoka chumbani sauti ya mama mkwe iliita kwa upole. "Mkwe wangu, nipatie ile nguo ya bluu."

Mume alimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayeomba mkopo wa mwisho. Mke akafumba macho, akausukuma mlango. Ulilia palepale, hatua moja kutoka walipokuwa wamesimama.

Safari hii presha ilikuwa chini. Mama mkwe alipasuliwa, akalala hospitali, asubuhi bandeji ikatolewa. Mume ndiye aliyekwenda kumchukua. Alirudi naye amevaa miwani mikubwa myeusi, anatembea taratibu, mkono uleule kwenye bega lilelile.

"Anaona?" mke aliuliza kwa midomo bila sauti.

"Ukungu tu," mume alisema kwa sauti. "Mama anasema bado ni ukungu. Daktari kasema jicho litafunguka kidogo kidogo." Na uso wake ulikuwa umelegea kwa nafuu, kisha ukajikunja kwa kuionea haya ile nafuu. Mke aliutambua uso huo. Aliwahi kuuvaa yeye, mbele ya muuguzi.

Mama mkwe alikaa kitandani. Mtoto alisimama mlangoni, mikono tayari mdomoni. Miwani myeusi iligeuka polepole, ikapita kwenye pazia linaloficha msumari wa nguo, ikapita kwenye godoro la mtoto lililoegemezwa ukutani, ikafika kwenye ule mstatili mweupe. Ilikaa hapo muda. Lakini kipofu naye hugeuza uso popote, na hakuna aliyelitilia maanani.

Mume alikohoa. "Mama, nina neno."

"Pumua kwanza, umenibeba njia nzima." Alikuwa amevua mtandio wake, anaukunja juu ya mapaja, pembe kwa pembe. "Mkwe wangu, nifungulie kabati uniwekee huu."

Mke alimtazama mume. Mume alikuwa amefungua mdomo na neno lake likiwa bado ndani. Angeweza kulitoa. Palikuwa na nafasi ya kutosha kati ya ombi la mama na hatua ya kwanza ya mkewe, nafasi ambayo mtu mwingine angeingiza maneno kumi. Akafunga mdomo.

Mke alichukua mtandio. Akaenda hadi mlango wa jikoni, akafumba macho kama alivyozoea, akasukuma. Liii. Akahesabu moyoni muda wa mtu kuweka nguo kwenye rafu. Akaurudisha. Liii.

"Huo mlango wa jikoni," mama mkwe alisema, "utieni mafuta."

Mke alikuwa bado na mkono kwenye kitasa.

"Mama," mume alisema, "kabati lime..."

"Kabati nimelikalia, mwanangu. Ni benchi zuri, nilisema pale na nasema hapa." Alivua miwani. Jicho lilikuwa jekundu, lina machozi ya dawa, na lilikuwa linaona. "Nilitaka ninyamaze mpaka niondoke. Nilisema moyoni, wamehangaika kunificha, acha niwe nimefichwa. Ningeweza. Nimekaa kipofu muda mrefu, siku chache zingenishinda nini? Lakini sikujua kwamba mkwe wangu naye, akiusukuma huo mlango, huwa anafumba macho kama kipofu mwenzangu."

Mume aliketi chini, pale pale sakafuni, mbele ya mstatili mweupe, kwa kuwa hapakuwa na kiti. Mtoto aliondoa mikono mdomoni, akamtazama bibi yake, akatazama wazazi wake, akauliza kama sasa ruhusa imetoka.

"Bibi, naweza kusema?"

"Sema, mama. Nyumba hii kuna mtu lazima aseme."

Mke aliwasikia kwa mgongo. Hakugeuka, na mlango hakuuachia. Alijua ukiachiwa utalia tena.